Dozi ya Kwanza Isisubiri Safari

Mtoto wa Tanga mwenye saratani ya damu hutibiwa mbali, Muhimbili au KCMC, kisha hurejea nyumbani kati ya mzunguko mmoja wa dawa na mwingine. Dawa hizo hupunguza chembe nyeupe za damu. Bakteria au kuvu wakifika kwenye ubongo, huenda dalili zikawa homa, kuumwa kichwa au usingizi mzito tu. Shingo yaweza isikakamae. Anayetumia deksamethasoni hata homa yaweza kujificha.

Pwani, homa hudhaniwa malaria, na mtoto akitukutika husemwa ana degedege. Malaria ipimwe, lakini vimelea vikionekana tabibu asiache kushuku bakteria. Wapo wanaosita kuanza tiba kabla ya bingwa kumwona mgonjwa. Tahadhari hiyo inaeleweka, ila huponza. Kiuavijasumu cha mshipa kitolewe ndani ya saa ya kwanza, hapohapo Bombo au hospitali ya wilaya, kabla gari la wagonjwa halijaondoka. Kutoa maji ya uti wa mgongo kwaweza kusubiri, hasa chembe za kugandisha damu zikiwa chache. Mzazi naye aoneshe kadi ya matibabu mlangoni, asipange foleni.