"Nitaangalia, Mwanangu" Maana Yake Hapana

Baadhi yetu hapa Marekani hufanya kazi ya kusafisha mazulia wakati wa likizo, na tukimaliza kusafisha hutakiwa tuuze dawa ya kukinga madoa. Tunafundishwa kwamba kila pingamizi la mteja lina jibu lake. Mimi sikubali.

Akisema ni ghali, mwonyeshe: dondosha maji kwenye kipande kilichopakwa dawa na kisichopakwa. Lakini mwambie pia kwamba dawa haizuii doa moja kwa moja. Inachelewesha maji kuzama, apate muda wa kuyafuta, na huisha panapokanyagwa sana. Akiuliza kama ni salama kwa mtoto anayetambaa, usicheke. Mwaka 2000 kampuni ya 3M yenyewe ilitangaza kuacha kemikali za PFOS zilizotumika kwenye Scotchgard, kwa kuwa haziozi na zilionekana hata kwenye damu za watu. Msomee maelezo ya chupa. Na mpangaji anayehama mwezi ujao, kukataa ni haki yake.

Bibi wa Kizanzibari akikwambia, "Nitaangalia, mwanangu, inshallah," ameshakataa. Adabu tu inamzuia kukufukuza. Usimng'ang'anie. Kunja mipira ya mashine, kunywa chai aliyokuwekea, uende zako.