Bango la Dukani na Ulimi wa Mgeni

Huko Marekani kuna mzozo ambao kila kizazi huurithi na kuuanza upya: je, mwenye duka ana haki ya kuandika juu ya mlango wake kwa lugha asiyoifahamu jirani yake? Katika zama zetu hizi lugha inayozozaniwa ni Kihispania. Mkaazi wa siku nyingi hupita katika mtaa alimokulia, akaona kwamba pale palipokuwa na fundi viatu sasa pameandikwa panadería, yaani duka la mikate, na mkabala wake carnicería, yaani bucha. Moyo wake huingia dhiki, akasema: watu hawa wamekuja kwetu, mbona hawataki kuwa kama sisi?

Tumeona tulizungumze jambo hili katika safu yetu ya juma hili kwa sababu mbili. Ya kwanza, wengi wetu tuna jamaa waliohamia nchi hiyo, nao huhukumiwa kwa mizani hiyo hiyo ijapokuwa lugha yao si Kihispania. Ya pili, swali lenyewe lamhusu kila mzazi: ni nini hasa kimfanyacho mgeni kuwa mwenyeji, na ni nini akipotezacho njiani?

Tuanze na historia. Kihispania hakikuingia Marekani jana. Mji wa St. Augustine, katika jimbo la Florida, ulianzishwa na Wahispania mwaka 1565, miaka 42 kabla ya Waingereza kujenga Jamestown. Mwaka 1848, baada ya kushindwa vitani, Meksiko ilitia sahihi Mkataba wa Guadalupe Hidalgo na kuiachia Marekani eneo kubwa mno, California ikiwa ndani yake. Waliokuwa wakiishi humo walilala katika nchi moja wakaamka katika nchi nyingine, bila ya kufunga mzigo. Katiba ya kwanza ya California, ya mwaka 1849, iliagiza kwamba sheria zote zitangazwe kwa Kiingereza na kwa Kihispania. Katiba ya mwaka 1879 ikaliondoa agizo hilo. Basi anayelilalamikia bango la Kihispania mjini Los Angeles au San Antonio, hulilalamikia katika mji ambao jina lake lenyewe ni la Kihispania.

Hata hivyo, insafu yatutaka tukiri kwamba wengi wa wenye maduka hayo leo si wazao wa watu wa 1848. Ni wahamiaji, au watoto wa wahamiaji, kutoka Meksiko, Kuba, Amerika ya Kati na kwingineko. Wanaozungumza Kihispania majumbani mwao huko Marekani wamepita milioni 40. Idadi kama hiyo huonekana barabarani, na kinachoonekana ndicho kinachosemwa.

Lakini tazama jinsi msemo huu ulivyo wa kale. Mwaka 1753 Benjamin Franklin, mmoja wa waasisi wa taifa hilo, alimwandikia rafiki yake barua akiwalalamikia Wajerumani wa Pennsylvania. Miongoni mwa aliyoyataja ni mabango ya barabarani: mengine yameandikwa kwa lugha mbili, na mahali pengine kwa Kijerumani peke yake. Alichelea kwamba baada ya muda Kiingereza kingeshindwa katika nchi yake. Mwaka 1918, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, gavana wa jimbo la Iowa alipiga marufuku lugha zote za kigeni hadharani, katika simu, katika magari ya moshi na hata katika ibada. Mwaka uliofuata jimbo la Nebraska likakataza watoto wadogo kufundishwa lugha nyingine yoyote, mpaka Mahakama ya Juu ilipoitangua sheria hiyo mwaka 1923. Leo wajukuu wa Wajerumani hao wamejaa nchini humo kwa mamilioni, na ni nadra kumkuta anayeweza kuusoma waraka wa babu yake. Lugha iliyohofiwa kwamba itaimeza nchi ilimezwa na nchi.

Kwa nini basi hofu haikujifunza? Twadhani ni kwa kuwa kila mara hudhaniwa kwamba safari hii wageni ni wa namna nyingine. Mwaka 1980, pale Wakuba wapatao 125,000 walipowasili Florida kwa mashua katika muda wa miezi michache, wapiga kura wa wilaya ya Dade, ulipo mji wa Miami, walipitisha sheria ya kukataza fedha za serikali yao kutumika kwa lugha isiyokuwa Kiingereza. Sheria hiyo ilidumu hadi 1993. Huko Pomona, California, manispaa iliamuru mwaka 1988 kwamba duka lenye bango la herufi za kigeni, kama za Kichina, litenge nusu ya bango hilo kwa herufi za Kiingereza. Wafanyabiashara wenye asili ya Asia walikwenda mahakamani, na mwaka 1989 jaji wa serikali kuu akaitangua amri hiyo, kwa hoja kwamba lugha anayoichagua mtu ni sehemu ya uhuru wake wa kusema.

Kisa kilichovuma zaidi ni cha Philadelphia. Mwaka 2006 zilienea habari za mwenye mkahawa maarufu wa mikate ya nyama, Joey Vento, aliyebandika dirishani tangazo la kuwataka wateja waagize chakula kwa Kiingereza kwa kuwa wako Marekani. Mtaa wake ulikuwa wa Waitalia tangu zamani, nao Wameksiko walikuwa wameanza kuhamia humo. Yeye mwenyewe alikuwa mjukuu wa wahamiaji kutoka Italia. Shauri lilifikishwa mbele ya tume ya haki ya mji huo, na mwaka 2008 wajumbe wawili dhidi ya mmoja waliamua kwamba tangazo halikuvunja sheria. Vento alifariki mwaka 2011, na tangazo likaondolewa mwaka 2016 kimya kimya. Na mwezi wa Machi 2025 Rais Donald Trump alitia sahihi amri iliyokifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi ya nchi nzima, jambo ambalo halikuwahi kufanywa na serikali kuu tangu taifa hilo liundwe.

Sasa tulitazame bango lenyewe, kwani wengi hulizungumza bila ya kulisoma. Muuza mikate anapoandika panadería hatoi tamko la siasa. Afanya hesabu. Anajua kwamba asubuhi atapita mama aliyewasili miezi mitatu iliyopita, mkono mmoja umemshika mtoto, na kwamba mama huyo ataingia pale atakapolielewa neno. Biashara haigombi. Ndiyo maana mabenki na maduka makubwa, yasiyo na asili yoyote ya Kihispania, nayo hubandika maandishi ya se habla español, yaani hapa Kihispania chazungumzwa. Bango la namna hiyo halimfungi mgeni nje ya nchi, lamwingiza. Aliyepata kwa urahisi chumba cha kupanga, dawa ya mtoto na mahali pa kutumia fedha nyumbani, hupata pia nafasi ya kukaa darasani jioni na kujifunza Kiingereza.

Hatusemi kwamba mkaazi wa zamani hana lake. Mzee asiyeweza kusoma majina ya maduka katika mtaa wake hujihisi mgeni kwao, na hisia hiyo ni ya kweli hata kama dawa anayoitaka si ya haki. Mwenye duka mwenye adabu humpunguzia jirani yake dhiki hiyo kwa kuongeza mstari mmoja wa Kiingereza chini ya bango, si kwa kulazimishwa na manispaa, bali kwa ujirani. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji hatapona ikiwa mgeni hamsemeshi.

Iko mizani nyingine ambayo twataka wasomaji waipime. Katika miji hiyo hiyo ya Marekani mkahawa wenye jina la Kifaransa huonekana kuwa ni wa heshima, na hakuna aulizaye kwa nini mpishi hataki kuwa Mmarekani. Hapa kwetu Pwani tunao mfano wa kutosha: Malindi. Kwa miaka mingi Waitalia wamejenga na kufanya biashara katika mji huo, mabango ya Kiitaliano yamejaa barabarani, na vijana wetu wa ufukweni wamejifunza Kiitaliano ili wapate riziki. Ni mara chache tumesikia mtu akidai kwamba Muitalia wa Malindi asome Kiswahili kwanza ndipo afungue mkahawa. Lakini muuza duka Msomali, au mkimbizi kutoka Kongo, akiandika kwa lugha yake, yapo macho yanayomkodolea. Basi mara nyingi kinachochukiza si lugha. Ni unyonge wa mwenye lugha. Tajiri akisema lugha yake tunajifunza, maskini akisema yake tunamwambia anyamaze. Kabla ya kuwalaumu watu wa Philadelphia, na tujikague sisi wenyewe.

Na jamaa zetu wenyewe yamewafika. Mji wa Lewiston, katika jimbo la Maine, ulikuwa mji wa viwanda vya nguo uliojengwa kwa jasho la wahamiaji Wafaransa kutoka Kanada. Mwaka 1919 jimbo hilo lilipitisha sheria ya kufundisha kwa Kiingereza tu katika skuli za umma, na wazee wengi wa huko husimulia walivyoadhibiwa utotoni kwa kusema Kifaransa. Kuanzia mwaka 2001 Wasomali walianza kuhamia mji huo, wengi wao wakiwa wamepitia kambi za Dadaab na Kakuma hapa Kenya. Wakafungua maduka ya nyama ya halali na ya nguo za akina mama, na mabango yakabadilika. Mwaka 2002 meya wa mji aliandika barua ya wazi akiwataka wazee wa Kisomali wapunguze kasi ya kuwasili kwa watu wao. Januari iliyofuata, kikundi cha wabaguzi kilipokuja kufanya mkutano, watu wachache walikihudhuria, na maelfu wakakusanyika upande wa pili kuwaunga mkono majirani zao wapya. Baadaye walipokuja Waafrika kutoka Kongo na Jibuti, baadhi ya wazee wa mji waligundua kwamba wamepata tena watu wa kuzungumza nao Kifaransa, lugha ambayo watoto wao wenyewe hawakuirithi.

Hapo ndipo lilipo jambo kubwa. Watu hugombania mlango wa duka, ilhali hasara hutokea ndani ya nyumba. Wataalamu wa lugha wameuona mwendo mmoja karibu kwa kila kabila la wahamiaji nchini humo: babu na bibi huzungumza lugha yao na Kiingereza cha kubabaisha, watoto huzungumza zote mbili, wajukuu huzungumza Kiingereza. Kihispania hudumu zaidi kidogo kuliko lugha nyingine kwa kuwa wageni wapya hawakomi kuja, lakini nacho hakiikwepi njia hiyo. Kituo cha utafiti cha Pew kilichapisha mwaka 2023 kwamba zaidi ya nusu ya Walatino wasiokijua vyema Kihispania wamewahi kufanywa wajione duni na Walatino wenzao kwa sababu hiyo. Mtihani ulioje! Mama alisutwa barabarani kwa kuisema lugha yake. Bintiye asutwa jikoni kwa kutoijua.

Kwa hivyo, kwa akina mama na akina baba walioko ng'ambo na wanaosomewa jarida hili, nasaha yetu ni hii. Kiingereza kisomeni mapema, na hasa akina mama msiachwe nyuma. Mama asiyejua lugha ya nchi hulazimika kumchukua mtoto wa miaka tisa kuwa mkalimani wake kwa daktari, na mtoto huyo husikia siri zisizomfaa na hujizoesha kumwamulia mzazi wake. Hilo huvunja heshima ya nyumba kuliko lugha yoyote ya kigeni. Wakati huo huo, Kiswahili kiwe ndiyo lugha ya mezani. Msimwambie mtoto ajibu kwa Kiingereza ili azoee. Skuli itamzoesha. Na akikosea ngeli msimcheke, kwani mtoto aliyechekwa huinyamazia lugha, na lugha iliyonyamaziwa hairithishwi.

Nasi tulioko Mombasa, Lamu, Malindi na Kwale tunayo sehemu yetu. Wajukuu wakipiga simu, tumezoea kuwasemesha Kiingereza chetu cha kuombea maji ili mazungumzo yasikatike, kisha tukikata simu tunalalamika kwamba watoto hawa wamekuwa Wazungu. Juma hili na tujaribu kinyume chake. Tuwaulize kwa Kiswahili wamekula nini, tungoje jibu hata likichelewa, na tuwasaidie neno moja walilolikosa. Simu ya dakika kumi kila Ijumaa, ikidumu mwaka mzima, itawaachia akiba ya maneno ambayo hakuna manispaa iwezayo kuifuta, inshallah.