Umeme Upimwe kwa Mwananchi

Mitambo ya Rusumo, mpakani wilayani Ngara, ina megawati 80 zinazogawanywa sawa baina ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Njia yake ya umeme hufika Nyakanazi, wilayani Biharamulo. Kwa wilaya zilizotegemea majenereta ya dizeli miaka mingi, hiyo ni hatua kubwa.

Lakini megawati pekee si huduma. Mkunga zahanatini haulizi ukubwa wa mtambo. Huuliza iwapo taa itawaka hadi alfajiri.

Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 iliipa EWURA mamlaka ya kusimamia ubora wa huduma. Hapana budi, basi, saa ambazo wateja hukaa gizani zitangazwe wilaya kwa wilaya, kwani wastani wa taifa huweza kuificha Ngara. TANESCO ni mali ya umma, na mali ya umma haiogopi kukaguliwa na wenyewe.