Mfalme Aliyeshika Kidau cha Wino



Sisi tufanyao kazi ya ukarani twajua desturi ya ofisini: karani huandika, mkubwa hungoja barua iletwe mezani apate kutia sahihi. Hapana atazamiaye kumwona mkubwa akimshikia karani wino. Lakini yasimuliwa kwamba Sultani Bayezid wa Pili wa Uturuki alikuwa akimshikia mwandishi wake kidau, na kumwekea mto mgongoni ili akae vizuri.

Mwandishi huyo ni Sheikh Hamdullah wa mji wa Amasya. Bayezid alipokuwa liwali wa huko alijifunza hati kwake, na alipopata ufalme mwaka 1481 alimwita Istanbul. Kazi yake kubwa ilikuwa kunakili Kurani, nao Waislamu huona haifai neno la Mungu kuandikwa ovyo ovyo.

Na tuitazame kazi yenyewe. Karatasi ilipakwa ute wa yai uliochanganywa na shabu, kisha ikasuguliwa kwa jiwe la akiki mpaka ikang'aa, kalamu ipite bila kukwama. Kalamu ilikuwa ya tete, iliyochongwa ncha kwa mshazari. Wino ulitokana na masizi na utomvu wa mgunga. Kila herufi ilikuwa na kipimo chake, nacho kilihesabiwa kwa nukta za kalamu ile ile. Mwandishi akiisha, ukurasa ulikwenda kwa fundi wa mapambo. Huyo alisaga dhahabu nyembamba kama utando hata ikawa rangi, akachora maua na majani kuzunguka maandishi.

Mwanafunzi alifuata mwalimu wake miaka mingi, akirudia herufi zile zile. Wala hakuwa na ruhusa kutia jina lake chini ya kazi yake mpaka apewe ijaza. Fikirini, mabwana: siku hizi mtu hujifunza jambo kwa wiki moja akataka aitwe fundi!

Hata wafalme walikaa chini ya mwalimu. Sultani Ahmed wa Tatu, aliyetawala tangu 1703 hadi 1730, alijifunza kwa mwandishi mashuhuri Hafiz Osman. Mbele ya lango la jumba la Topkapi lipo sabili la maji alilolijenga mwaka 1728, na juu yake yamo maandishi ya mkono wa mfalme mwenyewe. Kiti cha enzi alikirithi kwa baba zake. Hati ilimbidi aisomee.

Mwaka 1928 serikali ya Uturuki iliacha herufi za Kiarabu ikashika za Kilatini. Waandishi wengi walipoteza riziki yao, na watoto waliozaliwa baadaye hawakuweza kusoma makaburi ya babu zao. Hata hivyo walimu wachache hawakuiacha kalamu, wakafundisha wawili watatu majumbani. Kwa ajili ya hao sanaa haikufa, na mwaka 2021 UNESCO iliiandika katika orodha ya urithi wa wanadamu.

Basi msidharau kazi ya mkono, iwe ya kalamu au ya jembe. Ufalme wa akina Bayezid ulikwisha mwaka 1922, lakini kurasa za Sheikh Hamdullah zingali zikisomwa.