Kasi ya Seva na Thamani ya Fedha: Ulinganishi wa Vichakataji Viwili

Wahenga walinena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko la tarakilishi, hata hivyo, kizuri na kibaya vyote hujitembeza, tena kwa vishindo, na mnunuzi huachwa ajiamulie kipi ni kipi. Suala hili si dogo. Siku hizi mwanafunzi wa chuo kikuu hujisajilia kozi, huthibitisha malipo ya karo na hupokea matokeo ya mitihani kupitia seva, yaani tarakilishi inayozihudumia tarakilishi nyingine. Seva hiyo ikilemewa, foleni iliyokuwa mlangoni pa msajili huhamia kwenye kiwambo. Ikinunuliwa kwa bei isiyostahili, fedha zilizopotea ni zile ambazo zingenunulia maktaba vitabu. Makala haya yanashikilia kwamba uteuzi wa kichakataji, ambacho ndicho bongo la seva, haufai kuongozwa na umaarufu wa jina wala na unafuu wa bei pekee, bali na kazi mahususi inayokusudiwa.

Mfano unaoibainisha hoja hii vyema ni wa mwaka wa 2017. Mnamo Juni mwaka huo, kampuni ya AMD ya Marekani ilizindua vichakataji vyake vya EPYC. Mwezi uliofuata, mshindani wake wa jadi, Intel, alizindua kizazi kipya cha Xeon. Kabla ya hapo Intel ilikuwa imelihodhi soko la seva kwa miaka mingi, hivi kwamba wanunuzi wengi hawakuwa na sababu ya kulinganisha chochote. Ghafla wakajikuta mbele ya vilele viwili: EPYC 7601 kwa upande mmoja, na Xeon Platinum 8180 kwa upande wa pili.

Kwa kuzingatia takwimu peke yake, mtu angedhani kwamba mashindano yaliisha kabla ya kuanza. EPYC 7601 ilikuwa na viini 32 vya kuchakata, ilhali Xeon 8180 ilikuwa na viini 28. EPYC ilikuwa na njia 8 za kuwasiliana na kumbukumbu dhidi ya njia 6 za mwenzake, na njia 128 za PCIe za kuunganishia diski na vifaa vingine dhidi ya 48. Kiwango cha joto kilichokadiriwa na watengenezaji kilikuwa wati 180 kwa EPYC na wati 205 kwa Xeon. Isitoshe, bei iliyotangazwa ya EPYC ilikuwa dola 4,200, na ya Xeon dola 10,009. Kwa seva yenye vichakataji viwili, tofauti hiyo inafikia dola 11,618. Ukigawanya bei kwa idadi ya viini, kila kiini cha EPYC kiligharimu takriban dola 131, na cha Xeon takriban dola 357.

Hata hivyo, idadi ya viini si kasi, kama vile wingi wa majembe usivyokuwa wingi wa mavuno. EPYC 7601 iliundwa kwa vipande vinne vya silikoni vilivyounganishwa ndani ya kifuko kimoja. Kiini kilichohitaji data iliyokuwa kwenye kumbukumbu ya kipande jirani kililazimika kungoja zaidi kuliko kilichopata data yake karibu. Xeon 8180, kwa upande wake, ilikuwa kipande kimoja kikubwa, na viini vyake vyote vilitumia akiba moja ya pamoja. Kwa hivyo, katika kazi za hifadhidata kubwa, ambapo viini vingi huigombania data ileile, Xeon ilikuwa na nafasi bora. Fauka ya hayo, ilikuwa na amri za AVX-512 zilizoiwezesha kupiga hesabu nyingi za kisayansi kwa mkupuo mmoja. Kinyume chake, katika kazi zinazogawanyika kwa urahisi, kama vile kuendesha mashine pepe nyingi zisizotegemeana, au zile zinazohitaji data itiririke kwa wingi kutoka kwenye kumbukumbu, EPYC ilijitetea vilivyo, na kwa nusu ya bei au chini yake.

Ni katika hali kama hii ambapo ndimi za wauzaji hunoleka. Wakati wa uzinduzi, AMD iliilinganisha EPYC na Xeon ya kizazi kilichotangulia, kwa kuwa ile mpya ilikuwa haijaingia sokoni. Intel nayo, katika maonyesho yake ya Julai 2017, ilikibeza kichakataji cha mpinzani kuwa ni vipande vinne vya tarakilishi za mezani vilivyogundishwa pamoja. Kejeli hiyo ilificha ukweli wa kiuchumi. Kipande kidogo cha silikoni ni rahisi kukitengeneza bila dosari kuliko kikubwa, na ndiyo sababu moja iliyoiwezesha AMD kuuza kwa bei nafuu. Ajabu ni kwamba mnamo Januari 2023 Intel yenyewe ilizindua vichakataji vya Xeon, baadhi vikiwa vimeundwa kwa vipande vinne vilivyounganishwa. Aliyecheka gundi jana akaishia kuitumia.

Yamkini msomaji atauliza: je, si kweli kwamba rahisi inavunja upishi? Swali hilo lina mashiko. Gharama ya seva haiishii kwenye bei ya kichakataji. Kuna programu ambazo leseni zake hulipiwa kwa kila kiini. Kwa programu kama hizo, viini 32 vinaweza kugharimu zaidi kuliko 28, na gharama ya leseni ikaumeza unafuu wote wa kifaa. Kuna pia mafundi waliozoea aina moja ya mitambo, na kuna hofu ya kukosa vipuri. Taasisi yenye sababu kama hizi inaweza kuichagua Xeon na isilaumike. La kulaumika ni kuichagua bila sababu yoyote isipokuwa kwamba jina lake limezoeleka.

Historia iliyofuata inadhihirisha jinsi mazoea yanavyoweza kuwa ghali. Mnamo Agosti 2019 AMD ilitoa kizazi cha pili cha EPYC, kilichofikia viini 64. Miezi michache baadaye, Februari 2020, Intel ilitoa Xeon Gold 6258R yenye viini 28 kwa dola 3,950. Kichakataji hicho kilikaribiana mno na Xeon Platinum 8280 ya mwaka uliotangulia, iliyouzwa kwa dola 10,009. Tofauti kubwa ilikuwa kwamba kipya hakikukusudiwa seva zenye vichakataji zaidi ya viwili. Waama, dola elfu sita zilizopungua hazikutokana na silikoni kugeuka kuwa udongo. Zilitokana na kuwapo kwa mshindani. Mnunuzi anayelinganisha humfaidi hata yule ambaye hatimaye hakubadilisha chapa.

Nchini Kenya jambo hili lina uzito wa kisheria. Kipengele cha 227 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinataka ununuzi wa umma uwe wa haki, wazi, wenye ushindani na unaozingatia gharama. Chuo kikuu cha umma kinapotangaza zabuni ya seva kwa kutaja chapa moja tu, ushindani huo huuawa kabla ya bahasha ya kwanza kufunguliwa. Njia iliyo bora ni kuieleza kazi: idadi ya wanafunzi watakaojisajili kwa wakati mmoja, ukubwa wa hifadhidata, programu zitakazoendeshwa na leseni zake, umeme utakaotumika kwa miaka mitano. Kisha wauzaji waalikwe kuijaribu mitambo yao kwa kazi hiyohiyo, si kwa vipimo walivyojichagulia wenyewe.

Wapo watakaosema kwamba mjadala huu ni wa wahandisi, na kwamba mwanafunzi wa Kiswahili hana usemi humo. Rai hiyo ni potofu. Zabuni, mikataba na ripoti za ukaguzi ni maandishi, na raia asiyezielewa hana namna ya kuzihoji. Maneno kama vile kichakataji, kiini, kumbukumbu na hifadhidata yamekwisha kuingia katika lugha. Kilichobaki ni kuyatumia katika masuala yanayogusa mfuko wa umma. Mzazi anayelipa karo anastahili kuelezwa, kwa lugha anayoifahamu, kwa nini seva ya dola elfu ishirini ilinunuliwa badala ya ile ya elfu nane, na anastahili kupewa jibu linalotaja kazi, wala si jina.