Safari ya Nduthi Hadi Ingo: Riflekta Si ya Karao, Ni ya Dere Asiyekuona

Disemba ikikaribia, nauli ya kwenda Ingo hupanda mpaka mtu anajiuliza kama anapelekwa Kakamega ama Dubai. Ndio maana kuna wasee wameamua hiyo safari wataichapa na nduthi zao wenyewe. Na hapa hatuongelei boda ya stage pekee. Tunaongelea Dominar 400, Versys na zile mashine zingine za kukata masafa, begi kila upande na helmeti ya bei.

Nairobi hadi Kakamega ni kama kilomita 400 ukipitia Nakuru, Kericho na Kisumu. Raha iko, hatukatai. Lakini kuna kitu wasee wengi wanasahau wakipakia mizigo, na hata wanasiasa wakibishana kuhusu pikipiki hawakigusi: je, dere wa lori anakuona?

Kelele za mswada

Turudi nyuma kidogo. Mwaka wa 2023, Seneta wa Kakamega Boni Khalwale, yule Bullfighter mwenyewe, alipeleka Seneti mswada wa kudhibiti pikipiki za uchukuzi wa umma. Novemba 2024 ndio moto uliwaka. Wasee wa boda walisikia habari za kusajiliwa na kaunti na za adhabu, wakaona hapa wanabanwa koo. Mitandao ikajaa matusi na vijembe.

Walikuwa na haki ya kuuliza maswali, kwa sababu boda ndio ugali wa vijana wengi, kuanzia Lurambi hadi Khayega. Lakini mjadala wote uligeuka kuwa nani atalipa, nani atashikwa, nani atakula faini. Helmeti na jaketi ya kuakisi zikabaki kuonekana kama mali ya karao: unavaa ukimwona, unavua akipotea.

Hiyo sheria ya helmeti na riflekta hata si mpya. Sheria ya Trafiki ilishazitaka zamani, kwa anayeendesha na anayebebwa. Na bado, kwa hesabu ya NTSA, zaidi ya watu 4,700 walikufa barabarani Kenya mwaka wa 2024. Wanaotembea kwa miguu ndio walikuwa wengi zaidi, na wasee wa nduthi wako juu sana kwenye hiyo orodha. Serikali ina mpango wa 2024 hadi 2028 wa kupunguza hivyo vifo kwa nusu. Poa. Lakini mpango wa Nairobi hautawasha taa yako ukiwa Chavakali saa moja usiku.

"Sikumwona"

Hilo ndilo neno madere husema kila mara baada ya kugonga nduthi, na mara nyingi hata si uongo. Ripoti ya Hurt ya Marekani, iliyotoka 1981, ilichunguza ajali za pikipiki huko Los Angeles. Pale pikipiki ilipogongana na gari, karibu theluthi mbili ya visa ni gari lililokatia pikipiki njia. Dere aliangalia, lakini jicho lake lilikuwa linatafuta gari. Nduthi ni nyembamba, na taa yake moja usiku haisemi iko mbali kiasi gani wala inakuja na mbio gani.

Utafiti mwingine wa Auckland, New Zealand, ulichapishwa 2004 kwenye jarida la BMJ. Waliovaa nguo za kung'aa au za kuakisi walikuwa na hatari ndogo kwa asilimia 37 ya kuumia ama kufa kwenye ajali. Waliowasha taa mchana, asilimia 27. Waliovaa helmeti nyeupe badala ya nyeusi, asilimia 24. India nayo, nchi inayotuletea Boxer na Dominar, iliamua kuanzia Aprili 2017 pikipiki mpya ziuzwe na taa inayojiwasha injini ikiwaka.

Kwa hivyo ile helmeti nyeusi tii na jaketi nyeusi ya ngozi inakupa swag kwa picha, sawa. Lakini kwa barabara iliyolowa mvua jioni, umejipaka rangi ya lami.

Mizigo inakuzimia mwanga

Hapa ndipo msee wa safari ndefu anajimaliza bila kujua. Umenunua riflekta, umeivaa, halafu juu yake ukabeba begi jeusi la mgongoni. Riflekta imekwisha kazi, sababu anayekuja nyuma anaona begi tu. Nyuma ya kiti umefunga gunia la zawadi za kina mama, limening'inia mpaka limefunika taa ya breki na namba ya nduthi. Mvua ikaanza, ukavaa koti jeusi la mvua juu ya kila kitu.

Kuna ingine wengi hawaijui. Ukiweka uzito nyuma, mkia wa nduthi unashuka na pua inapanda. Taa ya mbele inaacha kumulika barabara, inamulika miti. Wewe huoni shimo, na dere anayekuja mbele yako unampofusha. Dawa yake ni kukaza springi ya nyuma kulingana na mzigo, ama kumwambia fundi ashushe taa. Kisha fanya mtihani: pakia kila kitu usiku wa kabla ya safari, keti juu, mulika ukuta, na mwambie beshte yako asimame mita 30 nyuma akwambie anaona nini. Akisema haoni taa ya breki, panga mizigo upya.

Riflekta vaa juu ya begi na juu ya koti la mvua, ama bandika mikanda ya kuakisi kwenye mabegi na helmeti. Ile rangi ya kijani kali inafanya kazi mchana. Usiku kinachookoa ni ile mikanda ya fedha inayorudisha mwanga kwa mwenye taa. Ikishapauka na kujaa matope, hairudishi kitu. Oga, na riflekta yako pia ioge.

Mengine unayajua: pima upepo wa taya zikiwa baridi, angalia oili, cheni isilegee wala isikaze sana, breki zikaguliwe kabla ya siku ya safari. Beba balbu ya ziada kama nduthi yako hutumia balbu.

Pale penye shida

Ukishatoka Kisumu na kupanda kupitia Kiboswa, Majengo, Mbale hadi Chavakali, barabara ina makona, soko kila mahali, na matatu zinazosimama ghafla. Hapo usikae kwenye mkia wa lori, kwa sababu anayetoka barabara ya pembeni anaona lori, hakuoni wewe. Jipe nafasi, kaa pale dere anaweza kukuona kwa kioo chake, na kwenye makutano shusha mwendo hata kama njia ni yako.

Halafu kuna upande wa Malava, kwenda Webuye. Hapo ni nchi ya miwa. Trakta inavuta trela usiku, na kuna zingine hazina taa ya nyuma wala kipande cha riflekta. Piga hesabu: kwa kilomita 80 kwa saa unakula mita 22 kila sekunde. Mpaka ubongo ushtuke na breki zimalize kazi, umetumia kama mita 70. Taa ya chini ya nduthi huenda isikuonyeshe hata mita 50. Maana yake ni kwamba ukiiona trela, umeshachelewa.

Ndio maana hatuwezi kumwekea msee wa nduthi lawama zote. Kama karao anaweza kusimamisha boda kumi asubuhi kwa sababu ya riflekta, basi jioni asimamishe pia trakta moja isiyo na taa. Anayetaka sheria mpya ya pikipiki Kakamega aanzie hapo, na vijana watamsikiza.

Lakini usingoje. Kakamega jua huzama kati ya saa 12 na nusu na saa moja jioni, na mvua hupenda kushuka mchana ukishapita. Toka Nairobi alfajiri, pumzika Nakuru na Kericho, uwe umefika mwanga ukiwepo. Ukichelewa, lala Kisumu. Kilomita 50 zilizobaki hazitahama, na ingokho itapikwa tu kesho.