Bariadi hadi Mwanza, lala Lamadi

Nakuomba safari hii ya baiskeli usiilazimishe kwa siku moja. Lami ya Bariadi–Lamadi ni takriban kilomita 72. Ukitoka alfajiri unafika kabla jua halijawa kali. Lala hapo. Kesho yake unashika barabara ya Musoma–Mwanza kupitia Magu, na hapo ndipo ninapokuhofia: mabasi yanakimbia mno, na msimu wa pamba malori huongezeka. Yakikaribia, shuka pembeni usubiri.

Beba tyubu mbili, viraka na pampu, maana miiba ya huku ni mikali. Mvua ikinyesha, usikatize njia za udongo mweusi wa mbugani. Unaganda kwenye tairi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Ukikwama, uliza fundi baiskeli senta yoyote. Usukumani baiskeli imebeba maji, pamba na hata wagonjwa, utasaidiwa.